Nevaeh: Mbingu Iliyoandikwa Kinyume

Majina mengi tuyakutayo katika vitabu vya ubatizo yametoka katika Maandiko, kwa watakatifu, au kwa mababu. Martin Luther mwenyewe aliitwa Martin kwa kuwa alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, sikukuu ya Martin wa Tours. Nevaeh, jina la wasichana lililoenea Marekani, halina asili ya namna hiyo. Ni neno la Kiingereza "heaven", yaani mbingu, lililoandikwa kuanzia mwisho. Hutamkwa karibu na "Neveya".

Mwaka 1999 watoto 8 tu waliandikishwa kwa jina hilo katika nchi ile yote. Mwaka 2000 Sonny Sandoval, mwimbaji Mkristo wa bendi ya P.O.D., alionekana katika televisheni ya MTV pamoja na binti yake mchanga aitwaye hivyo. Mwaka 2001 jina likashika nafasi ya 266 miongoni mwa majina ya wasichana. Mwaka 2005 nafasi ya 70. Mwaka 2010 nafasi ya 25. Tangu hapo limeshuka. La ajabu ni kwamba Heaven, jina lile lile likiandikwa sawasawa, halikufika huko kamwe.

Wako Wakristo wasemao kwamba kuigeuza mbingu ni kuikana. Hoja hiyo hatuikubali. Baba yake Bath-sheba aitwa Eliamu katika 2 Samweli 11:3, na Amieli katika 1 Nyakati 3:5. Sehemu ni zile zile mbili, "El" yaani Mungu, na "am" yaani watu au jamaa. Zimebadilishana nafasi tu, wala hatusomi popote kwamba kwa hiyo mzee yule alimwacha Mungu.

Shaka yetu ni nyingine. Eliamu lamtaja Mungu. Nevaeh lataja mahali tu, tena kwa fumbo ambalo mtoto atalazimika kulifumbua kila aulizwapo. Hata hivyo, mchungaji akunjaye uso mbele ya birika la ubatizo, au adaiye jina jingine papo hapo, awafundisha wazazi kwamba neema yategemea jina la mtoto. Jina litendalo kazi pale ni la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Habari za Nevaeh ziulizwe mapema, katika mafundisho ya wazazi na wasimamizi, ambako mama na baba wapata nafasi ya kueleza walitumaini nini walipolichagua.