Bima ya Afya Kwenye Mizani ya Chai
Mkulima wa chai wa Kimulot, kule Konoin katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, hahitaji kuelezwa maana ya ruzuku. Mbolea ya serikali anaijua: bei imepunguzwa, anaichukua kwa mkopo kupitia kiwanda, halafu deni linakatwa kwenye malipo ya majani. Ruzuku ya bima ya afya ndiyo isiyoonekana vizuri, nayo inagusa nyumba nyingi zaidi.

Rais Ruto alizindua mpango wa afya kwa wote papo hapo jirani, mjini Kericho, Sikukuu ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2023. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF. Tangu hapo pesa ya serikali inaingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni matibabu ya zahanati na vituo vya afya, yanayolipiwa kwa kodi. Ukishajisajili unatibiwa hata kama hujatoa mchango. Ya pili ni kuwalipia maskini mchango wao wote: Oktoba 2025 serikali ilitangaza kuanza na watu milioni 2.2.

Njia ya tatu haizungumzwi sana. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa SHA huondolewa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa hesabu. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000 huchangia asilimia 2.75, yaani 2,750. Kwa kuwa sehemu hiyo ya mshahara wake ingetozwa kodi ya asilimia 30, anaokoa 825 kila mwezi. Mchumaji chai anayelipwa 15,000 anakatwa 412.50 na haokoi chochote, kwa sababu mshahara wake hata haufikii kiwango cha kutozwa kodi.

Sasa chukua familia yenye ekari moja ya chai, ng'ombe wawili, nyumba ya mabati na watoto wanne shuleni. Bima ni moja kwa baba, mama na watoto wanaowategemea. Hilo ni jambo jema, na kwa nyumba yenye watoto wengi ni nafuu kubwa. Lakini familia hii haina hati ya mshahara, kwa hiyo inaulizwa maswali: paa ni la nini, maji mnateka wapi, taa ni ya umeme au ya mafuta, mifugo ni mingapi? Majibu hayo yanageuzwa kuwa makadirio ya kipato. Mfumo ukisema ni 20,000 kwa mwezi, mchango ni 550, na unadaiwa wa mwaka mzima kwa pamoja: shilingi 6,600. Enzi za NHIF walitoa 500 kila mwezi. Kinachowaelemea zaidi ni kutakiwa kuzitoa hizo 6,600 zote mara moja. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole umeleta njia ya kukopa mchango huo na kuurudisha kwa awamu, ila mkopo unabaki kuwa deni la mkulima.

Linganisha tena. Afueni ya kodi anayoipata mwenye mshahara wa laki moja, 825 kwa mwezi, inazidi mchango mzima wa mwezi wa familia hii, ambao serikali haiuongezei hata shilingi. Si maskini wa kutosha kulipiwa, wala haina hati ya mshahara wa kukatiwa kodi. Hapo naona kosa la mpango wenyewe, na naliona kubwa. Rwanda ilipopanga upya bima yake ya jamii mwaka 2011 iliweka ngazi: faranga 2,000 kwa maskini kabisa, ambazo zililipwa na serikali, 3,000 kwa kundi la kati, na 7,000 kwa wenye uwezo. Hata wa kati alikuwa na bei yake.

Paa halisemi kipato cha mwaka huu. Oktoba 2025, wakulima wa Kericho na Bomet walilalamikia bonasi iliyokuwa chini mno kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Mabati hayakupungua na ng'ombe ni wale wale. Pesa ndiyo iliyopungua.

Na mkulima wa chai, tofauti na mama mboga au mwendesha boda boda, kipato chake cha majani kimeandikwa. Kila kikapu kinapimwa kwenye mizani ya kituo cha kununulia chai, kilo zinaingia kwa namba yake, malipo yanafuata kila mwezi na bonasi mwezi wa Oktoba. Kwa ridhaa yake, kiwanda kingeweza kukata bima kama kinavyokata mbolea: kidogo kwa mwezi kulingana na kilo, sehemu kubwa kwenye bonasi. Bonasi ikianguka, serikali ijazie kilichopungua. Kwa familia yetu ya 6,600, ikishindwa kulipa nusu ya mchango, pengo ni 3,300 kwa mwaka. Yule wa laki moja huzipata kwa miezi minne.