KUZITAFUTA NYARAKA ZA UCHUNGUZI KWA ALAMA YA MADA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kuwa nyaraka za uchunguzi zinazofunguliwa kwa umma, ziwe za tume, za mahakama au za idara, aghalabu hazipangwi kwa kufuata masimulizi ya tukio. Hupangwa kwa mada. Karani aliyeupokea waraka huusoma, na pengine husoma kichwa chake tu, kisha huupa maneno mawili matatu yanayoeleza unahusu nini: meli, ajali, bandari, fidia. Maneno hayo ndiyo alama za mada. Katika masijala za zamani yaliandikwa kwenye kadi na daftari la fahirisi. Siku hizi huingizwa katika kompyuta. Mtafutaji huchagua alama, akaletewa kila kilichopewa alama hiyo. Kisichopewa hakiji, hata kikiwa ndani ya sanduku lile lile.

Jambo hili si dogo kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria na visiwa vyake. Meli ya MV Bukoba ilizama jirani na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996, ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Orodha ya abiria ilihusu madaraja ya juu. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Wengi walizikwa Igoma, jijini Mwanza. Kwa jamaa ambaye marehemu wake hakuandikwa popote, waraka mmoja wa uchunguzi waweza kuwa ndio ushahidi pekee kwamba mtu huyo alisafiri.

Serikali iliunda Tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga kuchunguza ajali hiyo. Anayetafuta habari zake kwa alama ya “MV Bukoba” peke yake atapata sehemu tu. Meli hiyo ilikuwa mali ya Shirika la Reli Tanzania, kwa hiyo barua za matengenezo na ukaguzi zaweza kuwa chini ya “Reli”, mahali ambapo mtu mwenye kufikiria maji hawezi kutazama. Baadaye huduma za meli zilitengwa na reli zikapewa kampuni yake, na jina la mwenye mali likabadilika katika majalada. Aidha, sababu ya ajali hutangulia ajali. Anayeweka mpaka wa utafutaji kuanzia Mei 1996 atazikuta salamu za rambirambi na hesabu za maiti, lakini ataikosa miaka ambayo meli ilikuwa ikikaguliwa na kuruhusiwa kusafiri.

Mfano wa ajabu zaidi uko ng’ambo. Miongoni mwa waliozama na MV Bukoba alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, kiongozi wa ngazi ya juu wa al-Qaeda. Baada ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam kulipuliwa tarehe 7 Agosti, 1998, wachunguzi wa Marekani walifuatilia habari zake, na mashtaka yaliyofunguliwa New York yanataja safari ya wenzake waliokuja ziwani kuhakikisha kifo chake. Ripoti ya tume ya Marekani iliyochunguza mashambulizi ya tarehe 11 Septemba, 2001, iliyotolewa mwaka 2004, nayo inakitaja kifo hicho kwa maneno machache: ajali ya kivuko katika Ziwa Victoria. Msiba mkubwa wa Mwanza, katika nyaraka hizo, umekaa chini ya alama ya ugaidi. Mtafutaji wa “ajali za majini” hatauona kamwe.

Hapo tena lipo tatizo la tahajia. Jina hilo huandikwa Ubaidah, Ubaydah au Ubeidah, na al-Banshiri au al-Panjshiri. Mwenye kuzijua herufi za Kiarabu haoni ajabu, kwa kuwa kila karani huzigeuza kuwa za Kilatini apendavyo. Kompyuta haina hisani hiyo. Kwake kila tahajia ni mtu mwingine.

Hata hapa jirani majina hubadilika. Nyaraka za mradi wa daraja linalovuka ziwa kutoka Kigongo hadi Busisi zilianza kwa jina la Kigongo–Busisi. Lilipofunguliwa tarehe 19 Juni, 2025 lilikuwa tayari ni Daraja la J.P. Magufuli. Habari za vivuko vilivyovusha watu hapo kabla yake zitafutwe chini ya TEMESA, wakala uliokuwa pia na MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba, 2018.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002, nyaraka za umma zilizo katika hifadhi ya Taifa hufunguliwa zikitimiza miaka 30 tangu kuandikwa, isipokuwa zilizozuiwa kisheria. Umri huo huhesabiwa kwa waraka, si kwa tukio. Waraka wa Mei 1996 unautimiza Mei 2026, ilhali wa mwaka 1990 uliutimiza mwaka 2020. Kwa nyaraka ambazo bado zimo maofisini, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba na kuitaka ofisi imjibu katika siku 30.

Mwombaji aandike jina la chombo, mwenye mali, mahali na miaka, pamoja na tahajia zote anazozijua. Yafaa kwanza aombe kuiona fahirisi yenyewe, ayajue maneno aliyoyatumia karani, ndipo aombe majalada.