Mtoto Asiyeuona Ubao

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma, nalo hukua pamoja na mwili hadi kufikia milimita 23 au 24 utu uzimani. Ukuaji huo ukipita kiasi, taswira ya vitu vya mbali hujikusanya kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo, hivyo vitu vya karibu huonekana vizuri ilhali vya mbali hugubikwa na ukungu. Hali hiyo wataalamu huiita miopia.

Ukubwa wake hupimwa kwa diopta, kipimo cha nguvu ya lenzi ambacho katika cheti cha miwani huandikwa kikitanguliwa na alama ya kutoa. Mtoto aliyeandikiwa −2.00 huona sawasawa hadi nusu mita tu, na kila kilichozidi umbali huo huanza kufifia. Ndiyo maana husoma kitabu bila taabu, huku maandishi ya ubaoni yakiwa kwake michirizi isiyosomeka. Kwa kuwa uoni wake umepungua polepole, naye hana cha kuulinganisha nacho, halalamiki, bali hukunja macho, husogelea televisheni na kunakili kutoka daftari la jirani, mpaka walimu wakamhesabu mvivu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wanafunzi wa sekondari jijini Mwanza ulikuta miopia kwa asilimia 5.6 kati yao, na miongoni mwa waliokuwa na upungufu mkubwa wa uoni unaorekebishika kwa miwani, waliokuwa nayo hawakufika theluthi moja. Utafiti mwingine, wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapa baadhi ya wanafunzi miwani ya bure na wengine cheti cha kununulia tu; baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakitumia miwani walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza na 26 katika la pili. Bei, basi, ni kikwazo kikubwa, lakini si kikwazo pekee, maana zaidi ya nusu ya waliopewa bure nao hawakuivaa. Kejeli za wenzao zina sehemu yake, na vilevile imani iliyoenea kwamba miwani huyazoesha macho uvivu na kuyaharibu. Imani hiyo haina msingi, na inawaumiza watoto: utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watoto waliovishwa kwa makusudi lenzi dhaifu kuliko walizohitaji ndio ambao miopia yao iliongezeka haraka zaidi.

Kinga iliyothibitika vizuri zaidi haiuzwi dukani. Jijini Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2015, asilimia 30 hivi kati yao walipata miopia, dhidi ya karibu 40 katika shule ambazo hazikubadili ratiba. Inaaminika kuwa mwanga wa nje huichochea retina kutoa dopamini, kemikali inayozuia jicho kurefuka, na hata kivuli cha mwembe kina mwanga mwingi kuliko darasa. Watoto wa Afrika Mashariki wanalo jua la kutosha. Wanachonyang'anywa ni muda, kwa tuisheni za asubuhi na jioni.

Mtoto ambaye miopia yake inakwenda kasi anaweza kuandikiwa na daktari wa macho matone hafifu ya atropini, au lenzi maalumu za kupunguza kasi ya jicho kurefuka, ingawa huduma hizo bado hazipatikani kila mahali. Juhudi hizo zina sababu, kwa kuwa miopia inayovuka diopta 6 huongeza hatari ya retina kubanduka na ya glakoma, hatari ambazo miwani haiziondoi, kwani jicho hubaki refu vilevile.

Kila mtoto apimwe macho kabla ya kuanza darasa la kwanza, kisha mara moja kila mwaka, na yule ambaye mzazi wake ana miopia asicheleweshwe, kwa sababu uwezekano wake wa kuipata ni mkubwa kuliko wa wenzake.