Makaa Yanayopandisha Bei ya Maharagwe

Sogeeni karibu, wajukuu wangu. Leo sina hadithi ya sungura na fisi. Nina habari za maharagwe.

Mmewahi kusikia watu wakisema maharagwe ni chakula cha bei nafuu? Basi mbona mama mwingine pale mtaani Mathare, Nairobi, humpa mtoto sarafu akanunue mandazi, maharagwe yakabaki dukani? Msiseme hajui. Anajua sana kwamba maharagwe yana protini ya kujenga mwili na madini ya chuma ya kutengeneza damu. Ila amepiga hesabu.

Maharagwe makavu yasipolowekwa yanaweza kuchemka saa mbili, hata tatu, na muda wote huo makaa yanateketea. Maji yakikauka sufuriani anaongeza mengine, na maji yenyewe kayanunua kwa mtungi. Bado kitunguu, bado nyanya, bado mafuta ya kupima. Kwa kuwa hulipwa kibarua siku kwa siku, kila kitu hununua kwa kadogo: makaa kebe moja, mafuta ya kutosha chungu kimoja. Anayenunua hivyo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye uwezo wa kubeba gunia zima. Jambo hili huniuma sana: mwenye kidogo ndiye anayetozwa bei kubwa. Mandazi nayo yameshaiva. Moto wake wateja wote wameuchangia.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2012 Mkenya mmoja kijana, Wawira Njiru, akiwa masomoni Australia, aliandaa karamu ya kuchangisha pesa. Zikajenga jiko dogo Ruiru, akaanza kuwalisha watoto 25. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la Food4Education. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ikashirikiana nalo kuanzisha mpango wa Dishi na County. Chakula, kama wali na ndengu, hupikwa katika majiko makubwa ya pamoja, kikapelekwa shuleni kingali moto. Mtoto hugusisha bangili yake ya kielektroniki kwenye kifaa, akapakuliwa sahani yake. Mzazi hulipa shilingi 5.

Msidhani sahani ile imegharimu shilingi 5 tu. Imegharimu zaidi, na sehemu iliyobaki hulipwa na kaunti pamoja na shirika. Pesa za kaunti ni kodi, na kodi hutoka kwetu sote, hata kwa yule mama wa Mathare anaponunua sabuni. Mimi sioni matumizi ya kodi yaliyo bora kuliko haya. Tena gharama yenyewe imepungua, maana mchele umenunuliwa kwa magunia, na jiko moja linapikia maelfu. Makaa ya kebe hayamo tena katika hesabu.

Wako wanafunzi wengi wa nchi hii ambao shule zao hazijafikiwa na mpango wa namna hiyo, na wanastahili kufikiwa.

Nyumbani nako lipo la kufanya. Leo usiku mwombeni mkubwa mloweke maharagwe, na asubuhi mmwage yale maji kabla ya kupika. Yataiva upesi na makaa yatabaki. Mkishakula, kipande cha chungwa kitausaidia mwili kufyonza yale madini ya chuma. Chungwa likikosekana, sukuma wiki isiyoivishwa mno inatosha.