Fahamu: Programu za kudai kikombozi hospitalini

Hizi ni programu hasidi zinazofunga mafaili ya kompyuta, kisha wahalifu hudai pesa ili wayafungue.

Yaliyotokea Ireland

Machi 2021, mfanyakazi wa huduma ya afya ya umma alifungua faili la Excel lililotumwa kwa barua pepe. Wahalifu wakajipenyeza kimyakimya kwa wiki nane, na Mei 14 mifumo ikafungwa. Madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi, miadi mingi ikaahirishwa. Serikali ilikataa kulipa. Siku chache baadaye wahalifu walitoa ufunguo bure, lakini kurejesha mifumo kulichukua takriban miezi minne.

Kwa nini hospitali?

Kwa sababu mgonjwa hawezi kusubiri, na wahalifu wanalijua hilo. Isitoshe, wahalifu huweza pia kutishia kuvujisha taarifa za wagonjwa. Nywila iliyoibwa inaweza kubadilishwa. Lakini historia ya ugonjwa ikishavuja, haibadilishiki.

Kinga

La kwanza ni nakala rudufu zinazotunzwa nje ya mtandao, kwani zilizounganishwa hufungwa pamoja na mafaili mengine. Programu zisasishwe mapema. Na kila mtumishi awe na nywila yake: ile ya pamoja inayobandikwa mapokezi huficha nani alifungua jalada la nani.