Je, Wajua? Mwalimu wa Wanafunzi Wenye Usonji Husomea Wapi

Je, wajua kuwa usonji hauambukizi, si laana, wala hauletwi na malezi ya mama? Ni hali ya ukuaji wa ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nayo. Basi shule yenye wanafunzi mia tano, iwe Mtama mjini au Nyangao, mkoani Lindi, isishangae ikiwa na wenye hali hiyo, hata kama hakuna aliyewahi kuwapima.

Je, wajua kuwa makala ya mwaka 1943 ya daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, kuhusu usonji ilieleza habari za watoto 11 tu? Taaluma hii bado ni changa.

Je, wajua kuwa walimu wa elimu maalumu nchini Tanzania wana chuo chao, Patandi, mkoani Arusha? Na kwamba Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa kule Magamba, Lushoto, kilipoanza mwaka 2007 kiliipa elimu maalumu nafasi ya mbele? Ila kwa mwalimu wa Mtama huko ni mbali: avuke Rufiji, aipite Dar es Salaam, kisha apande Usambara au aendelee hadi Arusha. Ndiyo maana naona Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinamfaa zaidi: anasoma huku akiendelea kushika chaki.

Anayetaka uzamili nje ya nchi ana vyuo vikuu vya Kenyatta jijini Nairobi na Kyambogo jijini Kampala.

Je, wajua kuwa moja ya mbinu zinazofundishwa sana haihitaji umeme? Ni ratiba ya picha, iliyoenezwa na mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake huko North Carolina, ambako mpango wao ulikuwa wa jimbo zima kuanzia mwaka 1972. Mwalimu anakata boksi, anachora daftari, kikombe cha uji, mpira, na njia ya kwenda nyumbani, kisha anazipanga picha kwa mfuatano. Kila shughuli ikiisha, mtoto mwenyewe anaondoa picha yake na kuitia koponi. Mvua ikizuia michezo, picha ya mpira hubadilishwa mapema, mtoto akiona, kabla wenzake hawajatoka. Mengi ya machozi na mateke yanayoitwa utundu huanzia kwenye mabadiliko ambayo mtoto hakuambiwa.

Je, wajua kuwa ile rimu ya gari inayogongwa kama kengele inaweza kumuumiza mtoto mwenye usonji masikioni kwelikweli? Akiziba masikio na kukimbia, msimchape. Mkalisheni mbali nayo.

Je, wajua kuwa Temple Grandin, mwenye usonji na aliyechelewa kuzungumza, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Illinois, na ni profesa wa sayansi ya wanyama?

Je, wajua kuwa mwalimu wa Mtama anayetafuta mada ya tasnifu anayo mlangoni? Msimu wa korosho ukifika, wazazi hushinda shambani na saa za kula na kulala nyumbani huyumba. Mtoto anayeshikilia utaratibu hupokeaje miezi hiyo, na mwalimu wake amsaidie vipi darasani? Anayeishi hapa, anayewajua wazazi kwa majina, ndiye hasa wa kulifanyia swali hilo utafiti.