Kidonge Halali Nyumbani, Kesi Ugenini

Mtalii wa kwetu akijiandaa kwenda Dubai huulizia viza, bei ya hoteli na kiwango cha kubadilishia fedha. Dawa huzikumbuka jioni ya mwisho. Hupitia famasi, akanunua vidonge vya maumivu na chupa ya dawa ya kikohozi, akavitia kwenye begi. Kwa macho ya mfamasia, hapo ndipo safari inapoanza kuwa ya hatari.

Desemba 2017 mahakama nchini Misri ilimhukumu mtalii kutoka Uingereza kifungo cha miaka mitatu kwa kuingia na vidonge 290 vya tramadol. Alijitetea kwamba ni dawa za mwenzi wake Mmisri aliyekuwa akiumwa mgongo. Uingereza, tramadol ni dawa ya kawaida kwa mwenye cheti cha daktari. Misri, ambako vijana wengi wameigeuza kilevi, sheria yake ni kali.

Kwa nini kidonge kimoja kipate hukumu mbili? Mikataba ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1961 na 1971 inaorodhesha dawa ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuzidhibiti. Mofini, kodeini na diazepam zimo. Tramadol haimo, hivyo kila serikali hujiamulia. Hata kwa zile zilizomo, nchi ina ruhusa ya kukaza zaidi. Japani hairuhusu kabisa mtu kuingia na dawa za amfetamini, ingawa Marekani huandikiwa watu wanaoshindwa kutulia na kumakinika. Japani pia inakataza dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoefedrini. Falme za Kiarabu huhitaji kibali cha serikali kabla ya kuingia na kodeini au tramadol. Nasi tusiwashangae: miraa ni biashara halali Meru, Kenya, lakini ukivuka nayo mpaka kuingia Tanzania inaitwa mirungi na inakupeleka mahakamani. Uingereza nayo iliipiga marufuku mwaka 2014.

Kwa hiyo la kwanza ni kujua kilichomo ndani ya dawa. Jina kubwa kwenye boksi ni la kibiashara na hubadilika kila nchi. Sheria hutazama kemikali, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo chini yake. Baadhi ya dawa za kikohozi na za maumivu zina kodeini, na mnunuzi hajui. Muulize mfamasia akusomee. Jina hilo la kemikali litakufaa pia dawa ikikuishia njiani, ingawa hata lenyewe lina vituko vyake: paracetamol, kwa Mmarekani, ni acetaminophen.

La pili ni vile vibahasha vyetu vya dawa vyenye maandishi ya 1x3. Hapa nyumbani vinatosha kabisa, lakini kwa ofisa wa forodha ni vidonge visivyo na jina wala mwenyewe. Omba boksi la kiwandani. Ongeza barua ya daktari, kwa Kiingereza, yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa, jina la kemikali, dozi na idadi ya vidonge. Beba vya kutosha siku za safari na akiba kidogo. Dawa ya kila siku iwe kwenye begi la mkononi, hasa insulini, ambayo ikiganda kwa baridi ya sehemu ya mizigo huharibika.

La tatu, barua ya daktari haichukui nafasi ya kibali. Dawa ikiwa ya usingizi, ya wasiwasi, ya kifafa au ya maumivu makali, uliza ubalozi wa nchi unayokwenda wiki kadhaa mapema, upate jibu la maandishi. Uliza pia kuhusu nchi ya kubadilishia ndege. Anayekwenda Ulaya kupitia Doha au Dubai huwa ndani ya mamlaka ya sheria za huko hata kama ni kwa saa mbili tu.

Mwisho ni jambo gumu kwa watu wenye undugu kama sisi: "Nipelekee dawa hizi kwa shangazi." Kataa kwa upole. Dawa yako unaweza kuitolea cheti. Ya shangazi haina cheti chenye jina lako, na mbele ya hakimu mwenye begi ndiye mwenye mzigo.